PILIPILI KALI: KUZITAMBUA NA ASILI YA MAJINA YAKE

Wilaya za Tarime na Serengeti zimo katika Mkoa wa Mara. Vijiji kadhaa vya wilaya hizi viko karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakulima wa huko hulima mahindi, mtama, ulezi na mihogo. Mahindi yanapokaribia kukomaa, tembo hutoka hifadhini usiku na kuingia mashambani. Kundi la tembo laweza kumaliza kwa usiku mmoja chakula ambacho jamaa nzima ilikitegemea kwa mwaka. Watu wanaotoka kuwafukuza huweza kuumizwa, hata kuuawa.

Baadhi ya wakulima hulinda mashamba yao kwa pilipili. Husimika nguzo kuzunguka shamba na kufunga kamba. Kisha husaga pilipili kavu, huichanganya na oili chafu ya magari, na kuloweka vipande vya nguo katika mchanganyiko huo. Vipande hivyo hutundikwa kwenye kamba. Tembo akiukaribia ua huo, pilipili humwasha ndani ya mkonga, naye mara nyingi hugeuka na kurudi alikotoka. Oili husaidia pilipili isisombwe upesi na mvua. Hata hivyo, mkulima hana budi kuipaka upya mara kwa mara.

Lakini si kila pilipili inafaa kwa kazi hii. Mkulima akipanda pilipili isiyowasha, ua wake utakuwa kamba na matambara tu. Kwa hiyo yampasa kuzitambua pilipili kabla ya kupanda. Je, wewe waweza kuzitambua?

Kwa nini pilipili huwasha?

Pilipili huwasha kwa sababu ina kemikali iitwayo kapsaisini. Watu wengi hudhani kwamba ukali umo katika mbegu. Sivyo. Kapsaisini hutengenezwa katika nyama nyeupe inayoshikilia mbegu ndani ya tunda. Mbegu huwasha kwa sababu zimegusana na nyama hiyo.

Mamalia, kama vile mtu, ng'ombe na tembo, huhisi mwasho huo. Ndege hawauhisi. Ndege humeza mbegu nzima na kuziangusha mbali pamoja na kinyesi chake, nazo huota. Mamalia wengi huzitafuna mbegu na kuziharibu. Hivyo ukali wa pilipili huwafukuza wale wanaoiharibu mbegu, na kumwacha yule anayeisambaza.

Uchunguzi: Tambua pilipili tatu

Mwombe mwalimu wako akuonyeshe mimea ya pilipili bustanini, au matunda yake kutoka sokoni. Usionje. Tazama mambo manne: umbo la tunda, upande linakoelekea, idadi ya maua mahali jani linapoungana na tawi, na harufu.

1. Pilipili hoho. Tunda lake ni kubwa, nene na lenye uwazi ndani. Kwa kawaida ua huwa moja tu mahali jani linapoungana na tawi. Tunda hili haliwashi.

2. Pilipili kichaa. Tunda lake ni dogo na jembamba, lenye ncha. Mara nyingi matunda husimama yakielekea juu. Huwasha sana.

3. Pilipili mbuzi. Tunda lake ni la mviringo, lenye mikunjo, nalo huning'inia. Mara nyingi maua huwa mawili au zaidi mahali pamoja. Tazama pale kikonyo kinaposhikana na tunda: utaona mbano kama pete. Harufu yake ni kali na ya kupendeza. Huwasha kupita kichaa.

Mimea yote mitatu ni ya jenasi moja, Capsicum, nayo ni ndugu wa nyanya, biringanya na viazi mviringo. Lakini wataalamu huigawa katika spishi tofauti. Hoho ni Capsicum annuum, kichaa ni Capsicum frutescens, na mbuzi ni Capsicum chinense.

Majina yalitoka wapi?

Mimea hii asili yake ni bara la Amerika. Columbus alipofika visiwa vya huko mwaka 1492, alikuwa akitafuta njia ya kwenda India, nchi ya pilipili manga. Wazungu walipoonja tunda jipya linalowasha, waliliita kwa jina la pilipili waliyoijua. Baadaye mabaharia wa Kireno walilieneza Afrika na Asia.

Watu wa pwani yetu nao walifanya vivyo hivyo. Tayari walikuwa na neno pilipili, lenye asili ya India. Pilipili ya zamani iliitwa pilipili manga, kwa sababu Manga ni jina la kale la Uarabuni, hasa upande wa Omani, ambako majahazi yaliyoileta yalitoka. Mmea wa pilipili manga hutambaa juu ya miti, wala hauna udugu na Capsicum. Mimea miwili isiyo na udugu ikapewa jina moja.

Hata wataalamu hukosea. Mwaka 1776 Nikolaus von Jacquin aliipa spishi ya pilipili mbuzi jina chinense, yaani "ya China". Alidhani imetoka huko, kumbe ilitoka Amerika. Kosa lake limebaki katika jina hilo mpaka leo.

Majina mengine hueleza mahali au umbo. Habanero maana yake ni "ya Habana", mji mkuu wa Cuba. Trinidad Moruga Scorpion imepewa jina la eneo la Moruga katika kisiwa cha Trinidad, na la nge, kwa kuwa ncha ya tunda imejipinda kama mkia wake. Carolina Reaper imetoka jimbo la South Carolina, Marekani. Neno la pili lina maana ya mvunaji, na ncha ya tunda imepinda kama mundu. Pilipili hizi tatu zote ni Capsicum chinense, jamaa za pilipili mbuzi yetu.

Ukali hupimwaje?

Mwaka 1912 Mmarekani Wilbur Scoville alibuni kipimo. Aliongeza maji ya sukari katika dawa ya pilipili mpaka waonjaji wasihisi mwasho tena. Siku hizi vipimo hufanywa kwa mashine, lakini jina la Scoville limebaki. Hoho ni 0. Kichaa hufika kati ya 50,000 na 100,000. Jamii ya habanero hufika kati ya 100,000 na 350,000. Mwaka 2013 Carolina Reaper ilitangazwa kuwa kali kuliko zote duniani, kwa zaidi ya 1,500,000. Mwaka 2023 ilipitwa na Pepper X, yenye wastani wa 2,693,000.

Sasa mfikirie tena mkulima wa Serengeti. Akiuliza jina tu, anaweza kudanganyika. Katika kamusi za zamani za Kiswahili, pilipili hoho ilikuwa pilipili nyekundu iwashayo. Leo ukiagiza hoho sokoni, utapewa ile isiyowasha. Jina hubadilika, lakini tunda hueleza habari zake lenyewe. Mkulima mwenye busara husikiliza jina, kisha hulitazama tunda.

Tahadhari

Usishike macho baada ya kugusa pilipili kali. Nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji matupu. Ukiunguzwa mdomo, kunywa maziwa. Protini ya maziwa husaidia kuiondoa kapsaisini ulimini.

Maswali

1. Kapsaisini hutengenezwa sehemu gani ya tunda?
2. Kwa nini ndege hufaa zaidi kuliko mamalia kusambaza mbegu za pilipili?
3. Eleza namna mbili za kutofautisha pilipili kichaa na pilipili mbuzi.
4. Jina chinense lina kosa gani?
5. Waulize wazee nyumbani majina ya pilipili katika lugha yenu. Je, kila jina linaeleza umbo, mahali au ukali?