Hazina Iliyo Ndani ya Ganda la Komamanga

Bibi yangu, mtu wa Tanga, hakutupa ganda la komamanga. Alilianika, akalichemsha, na mwenye tumbo la kuhara akapewa kikombe. Ukakasi wake tuliuogopa sana. Nimesomea kemia ya chakula, na ukakasi ule naujua kwa jina: ni tanini, polifenoli zenye nguvu ya kuzuia oksidisho. Kubwa kati yake ni punikalajini.

Mwaka 2000 watafiti wa Hispania na Marekani walipima nguvu hiyo katika juisi za komamanga, wakakuta ya kiwandani inaishinda ile ya punje tupu. Kiwandani tunda hukamuliwa zima, na tanini za ganda huingia kwenye juisi. Baada ya hapo ganda huhesabiwa kuwa taka, jambo linaloniuma.

Kuzitoa tanini si kazi ngumu. Punikalajini huyeyuka katika maji, basi ganda lililosagwa hulowekwa katika maji ya moto kiasi, au maji yaliyotiwa etanoli, kileo kinachotengenezwa hata kutokana na molasi ya miwa. Wengine hupitisha mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia: vipovu hupasuka ndani ya maji, vikabomoa kuta za seli, na muda wa kuloweka ukapungua. Njia hii ya maji na etanoli ndiyo ya kijani, isiyochafua mazingira, ninayoitetea. Methanoli nayo hutoa polifenoli vizuri, lakini ni sumu inayopofusha macho. Sitaki kuiona karibu na chakula cha watu.

Kazi iko kwenye kusafisha, maana maji yale yamebeba pia sukari na asidi. Humiminwa kwenye mnara uliojazwa punje za resini. Polifenoli hunasa, sukari na asidi huoshwa na maji, kisha etanoli huja kuzibandua polifenoli. Kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 78 tu, etanoli huvukizwa, ikakusanywa na kutumika tena. Mwaka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, huko California, walitangaza kwamba kwa resini walipata gramu 58 hadi 60 za tanini katika kila kilo ya ganda.

Hata hivyo, tanini safi si tiba ya kila ugonjwa. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliamua kuwa matangazo ya POM Wonderful, kampuni ya juisi ya komamanga, kuhusu moyo na saratani ya tezi dume yalipotosha wanunuzi. Kwa hiyo ukiuziwa unga wa komamanga, muulize muuzaji umetolewa kwa kimiminika gani, na dawa ulizoandikiwa na daktari usiziache.