Ekografi Isiishie Tumboni

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, mashine ya ekografi, yaani ultrasaundi, inajulikana zaidi kwa kumtazama mtoto aliye tumboni. Lakini iko kazi nyingine inayostahili kupewa: kuchunguza tezi za mate za mtoto mwenye lupasi, kabla mate hayajakauka na meno hayajaoza.

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe na kushambulia ngozi, maungio, damu na figo. Katika kila wagonjwa 100, 15 hadi 20 hivi huanza kuugua utotoni, wengi wao wasichana, na kwao ugonjwa huwa mkali kuliko kwa watu wazima. Shambulio hilo linaweza kufika kwenye tezi za mate, kama inavyotokea katika ugonjwa ulioelezwa mwaka 1933 na Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi. Tatizo ni kwamba mtoto mara nyingi halalamiki kuwa kinywa kimekauka. Anakunywa maji kwa kila tonge la ugali wa muhogo na ndagala wakavu, naye anadhani kila mtu hula hivyo. Au shavu linavimba, linanywea, linavimba tena, na nyumbani wanasema ni matubwitubwi.

Hapo ndipo ekografi inaposaidia. Mpimaji anapaka jeli, anapitisha kipimio mbele ya sikio na chini ya taya. Tezi yenye afya huonekana ya kijivu, laini na sawasawa. Iliyoshambuliwa ina madoa meusi mengi, mfano wa jani la muhogo lililotobolewa na wadudu. Hakuna sindano, hakuna mionzi, na kipimo kinaweza kurudiwa.

Wapo watakaosema picha haitaji jina la ugonjwa. Ni kweli: virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na uvimbe wa kujirudia wa utotoni navyo hubadilisha tezi, na picha safi haimwondolei mtoto shaka yote. Tena, kwa watoto wenye lupasi, ushahidi bado unatokana na vikundi vidogo vya wagonjwa. Kwa hiyo picha isomwe pamoja na vipimo vya damu na historia ya mtoto. Kazi yake ni kuonyesha nani aharakishwe kupelekwa kwa bingwa Bujumbura, safari ya zaidi ya kilomita 70 kutoka Rumonge.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na ugonjwa adimu huku malaria na kipindupindu vikitusumbua. Hakuna anayetaka kila mtoto apimwe. Apimwe aliyekwisha kugunduliwa kuwa na lupasi, au ambaye shavu lake huvimba mara kwa mara. Kuhusu vifaa, mashine nyingi hukubali kipimio bapa cha masafa ya juu. Kilichopinda cha wajawazito hakitoshi. Mtoto akigunduliwa mapema, meno yake hulindwa, dawa hupangwa vizuri, na tezi ambayo uvimbe wake haunywei hufuatiliwa ili saratani ikitokea igunduliwe mapema.

Linabaki suala la pesa. Mwaka 2006 Burundi iliondoa malipo kwa wanaojifungua na kwa watoto wasiofikia miaka 5. Lupasi ni nadra kabla ya umri huo. Kwa kawaida huanza karibu na balehe, wakati msamaha umekwisha zamani. Haki inataka kipimo hiki kiingizwe kwenye msamaha huo kwa watoto wachache wanaokihitaji, kwa sababu umri wao hauwapunguzii ugonjwa wala hauwaongezei wazazi kipato.