Mwenye Barabara Amegeuka Mpita Njia

Dereva wa Fuso anayetoka Kasindi kwenda Butembo huhesabu safari yake kwa vizuizi, kilomita huzikumbuka baadaye. Kutoka mpaka wa Uganda hadi Beni ni kilomita 80, na kutoka Beni hadi Butembo ni 54. Penye lami, hiyo ni safari ya asubuhi, na chakula cha mchana ungekula nyumbani. Huku, mvua ikinyesha, gari likizama, utingo hushuka na jembe na siku huishia hapo. Ila kwenye kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti hapachelewi: mtu mwenye kitabu cha risiti anakungoja. Kuna siku hana hata kitabu.

Asiyeijua Butembo atadhani malalamiko ya peaji, yaani tozo za barabarani, ni tabia ya watu wasiopenda kutoa. Historia ya mji huu ni ya watu waliotoa sana. Miaka ya 1990, Leta (serikali) ya Mobutu ilipobaki na mihuri tu, wafanyabiashara wa Kinande walichanga wenyewe ili njia zipitike. Kanisa Katoliki, chini ya Askofu Emmanuel Kataliko aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, lilibeba shule, hospitali na sehemu ya njia za vijijini. Chuo Kikuu cha Graben kilizaliwa wakati wake, 1989. Vita vilipofika na kundi la waasi la RCD-ML la Mbusa Nyamwisi likatawala eneo hili, matajiri wa mji walilipa ushuru kabla mizigo haijafika mpakani, wakapewa kiwango cha jumla kwa kontena. Mpango huo ulikuwa na harufu yake, kwani wauzaji wadogo hawakualikwa mezani. Lakini aliyelipa alijua fedha yake ilikwenda wapi, na alijua mlango wa kugonga asipoona kazi.

Kuna waliokwenda mbali zaidi wakanunua hisa za SENOKI, kampuni iliyoundwa ili mji upate umeme wa maji. Miaka ikapita, mwenye hisa akaendelea kununua mafuta ya jenereta. Sheria ya Juni 2014 iliifungua biashara ya umeme kwa makampuni binafsi, na siku hizi mteja wa mjini hununua uniti kwa simu kama anunuavyo dakika za kuongea. Taa ikizimika, hana mkutano wa wanahisa wa kwenda kuuliza. Amekuwa mteja, na mteja wa kulipa kabla, maana yake fedha imekwisha kutoka mfukoni kabla hajaona mwanga.

Kisa hiki kina ndugu yake mbali na hapa. Huko Visiwa vya Kanari, Wazungu wengi walinunua wiki moja ya nyumba ya likizo kila mwaka, wakiahidiwa kuwa ni mali yao na ya watoto wao. Baadaye ada ya matunzo ikapanda, mabwawa ya kuogelea yakachakaa, na mzee aliyetaka kujitoa akaambiwa mkataba wake ni wa milele. Hispania ilitunga sheria mwaka 1998 kwamba mkataba wa namna hiyo usizidi miaka 50, na mwaka 2015 Mahakama yake ya Juu ikaanza kubatilisha mikataba isiyo na mwisho. Mstaafu wa Tenerife alipata mlango wa kutokea. Mwenye kamio (lori) wa Butembo atatokea wapi? Njia ya kusini imekatika: Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, Goma ikafuata Januari 2025. Maharage na viazi vya Lubero vilivyokuwa vikishuka Goma vimepoteza soko lake kubwa, na nguo, vipuri na mabati kutoka Dubai na Guangzhou vinaingia kwa mdomo mmoja, Kasindi. Mwenye kizuizi kwenye njia pekee hana haja ya kukubembeleza.

Tozo zenyewe ni za tabaka. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, ulioundwa 2008, unakula kwenye mafuta na kwenye peaji, kwa hiyo dereva hulipia njia ileile anapojaza tangi na anapofika kizuizini. Mpakani, dekreti ya Machi 2002 iliruhusu idara nne tu: forodha, uhamiaji, OCC inayokagua bidhaa, na afya. Mwagizaji yeyote wa Kasindi atakuambia kwamba meza anazopitia ni zaidi ya nne. Sheria ya Machi 2018 nayo inaorodhesha kodi ambazo mkoa unaweza kutoza, na isiyo kwenye orodha haina haki ya kuitwa kodi. Karatasi hizi zote zipo na zinasomeka vizuri. Tatizo ni nani azisome kwa sauti. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na bunge la mkoa, mahali ambapo tozo ingebishaniwa, limesimamishwa.

Kwa hiyo sauti inayobaki ni ya chama cha wenye biashara, FEC, na silaha yake ya zamani: kufunga maduka, kuacha mizigo mpakani. Silaha hiyo humuumiza kwanza anayeishika. Mama anayeuza vitenge kwa mkopo wa wiki hawezi kufunga siku tatu bila kudaiwa. Na ndiye anayelipa mwishowe, maana dereva huongeza nauli ya mzigo, mwagizaji huongeza bei ya jumla, na yeye hupunguza faida ili mteja asimkimbie.

Iliwahi kutokea tozo ikafutwa. Mwaka 2020 kila mwenye simu nchini alianza kukatwa fedha za RAM, rejesta ya simu: kama dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa ile ya 3G na 4G, ikinyofolewa kidogokidogo kwenye salio. Watu hawakuona walichopewa. Kelele zilifika hadi bungeni Kinshasa, waziri Augustin Kibassa akaulizwa, na mwaka 2022 ikaondolewa. Tofauti ninayoiona ni kwamba RAM ilimuuma mwenye simu wa Kinshasa siku ileile ilipomuuma wa Beni. Kamba ya Kasindi haimuumi mtu wa Kinshasa.

Sasa kuna lami inayokuja. Juni 2021 Marais Museveni na Tshisekedi walizindua mpakani mradi wa kilomita 223, zikiwemo Kasindi-Beni na Beni-Butembo, kwa gharama ya dola milioni 334.5. Uganda inatoa asilimia 20, Kongo 20, na asilimia 60 ni ya kampuni ya Dott Services, itakayorudisha fedha yake kwa peaji. Kazi ilianza Desemba 2021, siku chache baada ya majeshi ya Uganda kuingia kuwasaka waasi wa ADF, ikaenda kwa kusuasua. Sina ugomvi na lami ya kulipia. Gari lisilovunjika springi linafidia peaji ya haki. Ila kamati ya FEC ingefanya vema kudai majibu kwa maandishi kabla nguzo ya kwanza ya peaji haijasimikwa: kiwango ni kiasi gani kwa Fuso na kiasi gani kwa pikipiki, kitatozwa kwa miaka mingapi, nani atahesabu magari, na je, zile kamba za mitini zitakatwa siku hiyohiyo?