Kweli au uongo: mlinzi wa mstari wa mbele ni misuli tu?

Awendo ni mji wa miwa na kandanda. Sony Sugar ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006 ikitokea hapa. Lakini futiboli ya Kimarekani wengi wetu tunaionea kwenye simu, ndiyo maana husemwa mengi yasiyo na msingi.

"Ni raga yenye helmeti." Uongo. Kwenye raga, kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa. Kwenye futiboli ya Kimarekani ni halali: mlinzi wa mstari wa mbele hamfikii kwotabeki, yule mrushaji, mpaka ajinasue mikononi mwa pande la mtu ambalo kazi yake ni kumkinga njia. Tofauti hiyo ilimkabili Daniel Adongo, mwanaraga Mkenya, aliyesajiliwa na timu ya Indianapolis Colts 2013 akiwa hajawahi kuucheza mchezo huo. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo aliingia uwanjani dhidi ya Tennessee Titans. Ujasiri wake bado nauheshimu.

"Hakuna mwenye damu ya Afrika Mashariki aliyetwaa taji." Uongo. Mathias Kiwanuka ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. New York Giants walimchukua 2006. Walipobeba Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2008, alikuwa nje kwa kuvunjika mguu. Ya 2012 aliicheza, tena Indianapolis, mji aliozaliwa.

"Mlinzi ni misuli, akistaafu hana la kufundisha." Huu ndio uongo unaoniuma zaidi. Joe Greene wa Pittsburgh Steelers alikuwa na nguvu, naam, lakini alifikiri. Alianza kusimama mshazari kwenye upenyo kati ya senta na gadi, wakingaji wa katikati ya mstari wa wapinzani. Wapinzani wakalazimika kumkaba wawili, na nyuma yake mwenzake Jack Lambert akabaki huru kumwangusha mwenye mpira. Walitwaa mataji manne. Greene alicheza misimu 13, kuanzia 1969, kisha akafundisha misimu 17, Pittsburgh, Miami na Arizona, hadi 2003. Hata huku kwetu kwenye kandanda, Bobby Ogolla, beki wa kutisha wa klabu ya Gor Mahia, aligeuka kocha.

"Nyota lazima awe kocha mkuu." Si lazima. Greene hakuwahi kukabidhiwa timu. Misimu yote 17 alikuwa msaidizi, akiwaonyesha vijana mahali pa kuweka mguu wa kwanza na namna ya kuuondoa mkono wa mpinzani kifuani.