Kundi la timu nne likibaki na tatu: Hesabu iliyoibeba Kenya 2018 na kuiacha nje 2022

SHABIKI wa soka anayeishi Magadi, kule ambako barabara kutoka Kiserian huteremka hadi kwenye ziwa la chumvi na kiwanda cha magadi, hana uwanja wa kimataifa karibu naye. Safari ya kwenda Kasarani ni zaidi ya kilomita 100. Mwenzake wa Kitengela ana nafuu ya usafiri, lakini naye mara nyingi huifuatilia Harambee Stars redioni au katika televisheni ya hoteli. Wote wawili huishia kusoma jedwali: timu, mechi zilizochezwa, mabao, alama. Na jedwali, tofauti na mchezo wenyewe, laweza kubadilika bila mtu yeyote kugusa mpira.

Ndivyo ilivyotokea Novemba 30, 2018. Siku hiyo Kamati Kuu ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) ilikutana jijini Accra, Ghana, ikaiondoa Sierra Leone katika Kundi F la mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2019. Kwa uamuzi huo Kenya ilifuzu kwa fainali ambazo haikuwa imezikanyaga tangu mwaka wa 2004 nchini Tunisia. Hakukuwa na mechi siku hiyo, wala firimbi ya mwisho. (Kikao hichohicho kiliipokonya Cameroon uenyeji wa fainali hizo, ambazo baadaye zilipelekwa Misri.)

Wengi walisherehekea bila kuuliza hesabu ilikuwaje. Miaka mitatu na nusu baadaye kanuni ileile iligeuka na kuuma upande wa pili, na hapo ndipo maswali yalipoanza. Yafaa basi kueleza kundi la mchujo hufanya kazi vipi, na hutokea nini timu moja inapotoweka.

Tuanze na Kundi F lenyewe. Lilikuwa na Ghana, mabingwa wa Afrika mara nne, pamoja na Kenya, Ethiopia na Sierra Leone. Kila timu ilitarajiwa kucheza mechi sita, nyumbani na ugenini dhidi ya kila mpinzani. Mchujo ulipoanza Juni 2017, fainali zilikuwa bado za mataifa 16, hivyo aliyekuwa na uhakika wa kupita ni mshindi wa kundi, huku timu chache tu za nafasi ya pili zikipata nafasi kwa kulinganishwa na za makundi mengine. Mwezi mmoja baadaye, Julai 2017, CAF iliamua fainali ziwe za mataifa 24. Kuanzia hapo, timu mbili za kwanza katika kila kundi zingefuzu. Watu husahau kwamba mlango ulipanuliwa wakati wageni walikuwa tayari wameshafika kizingitini.

Kwa Kenya upanuzi huo ulikuja kwa wakati mwafaka, maana Stars walikuwa wameanza vibaya. Juni 10, 2017 walichapwa 2-1 na Sierra Leone mjini Freetown. Siku iliyofuata Ghana iliinyeshea Ethiopia mabao 5-0 mjini Kumasi, na aliyeona jedwali asubuhi ya Jumatatu angesema kundi lilikuwa limekwisha.

Mechi zilizofuata hazikuja hadi Septemba 2018. Kufikia wakati huo timu ilikuwa mikononi mwa kocha Mfaransa Sebastien Migne. Septemba 8, Ghana walikuja Kasarani wakalala 1-0 kupitia bao la kujifunga la beki wao Nicholas Opoku. Oktoba 10 Stars wakatoka sare tasa na Ethiopia mjini Bahir Dar, na siku nne baadaye wakawalaza Waethiopia hao 3-0 Kasarani, mabao yakifungwa na Michael Olunga, Eric Johanna na nahodha Victor Wanyama kwa penalti. Kenya ikawa na alama saba kutokana na mechi nne.

Lakini kufikia hapo Sierra Leone haikuwa tena uwanjani. Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) lilikuwa limelifungia shirikisho la nchi hiyo tangu Oktoba 5, 2018. Kisa kilikuwa mvutano kati ya shirikisho hilo na tume ya kupambana na ufisadi ya huko, iliyotaka rais wa shirikisho, Isha Johansen, na katibu wake wakae kando kesi yao ikisikizwa. FIFA iliona huo ni uingiliaji kutoka nje. Mechi mbili za Sierra Leone dhidi ya Ghana zikaahirishwa, kisha ile ya Novemba dhidi ya Kenya ikafuata njia hiyohiyo. CAF ilisubiri, ikachoka kusubiri, ikaiondoa timu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ili isitupotee katika majina ya mbali, tuchukue mfano wa nyumbani. Tuseme kuna kundi la timu nne: Magadi, Kitengela, Kajiado Mjini na Namanga. Kitengela wameifunga Namanga na kujipatia alama tatu. Magadi nao wamefungwa na Namanga hiyohiyo, hivyo hawakupata chochote kwake. Kisha Namanga inaondolewa na matokeo yake yote yanafutwa. Kitengela wanapoteza alama tatu walizozitolea jasho. Magadi hawapotezi kitu. Wanachofutiwa ni kichapo. Namanga haikukusudia kumwadhibu Kitengela wala kumpendelea Magadi, lakini ndivyo inavyokuwa. Kufutwa kwa matokeo humfaa aliyefungwa na humwumiza aliyeshinda.

Kenya ilikuwa Magadi wa mfano huo. Kichapo cha Freetown kilifutika, alama saba zikabaki saba. Ghana, ambayo haikuwa imecheza na Sierra Leone hata mara moja, nayo haikuguswa. Ilikuwa imeshaishinda Ethiopia tena, 2-0 jijini Addis Ababa mnamo Novemba 18, na kufikisha alama sita. Aliyeumia ni Ethiopia. Ilikuwa imeifunga Sierra Leone 1-0 mwezi Septemba, na alama hizo tatu zikayeyuka, ikashuka kutoka alama nne hadi moja. Tena haikuwa na mechi nyingine iliyosalia, kwani ilikuwa imekwisha kucheza mbili na Ghana na mbili na Kenya. Kenya na Ghana zikawa zimefuzu zote kabla ya kukutana tena. Mechi ya Machi 23, 2019 jijini Accra, ambayo Ghana ilishinda 1-0 kwa bao la Caleb Ekuban, iliamua tu nani awe wa kwanza: Ghana alama tisa, Kenya saba.

Je, Kenya ilibebwa? Wapo waliosema hivyo, na swali hilo linastahili jibu la hesabu badala ya la hasira. Tuchukulie kwamba CAF isingefuta matokeo, bali ingezipa timu nyingine ushindi wa mezani katika mechi zote ambazo Sierra Leone haikuzicheza. Kenya ingeongezewa alama tatu na kufika 10. Ghana ingepata sita na kufika 12 hata kabla ya mechi ya Accra. Ethiopia ingebaki na nne zake na kupewa tatu, jumla saba. Waliofuzu wangekuwa walewale. Kwa hivyo uamuzi wa CAF uliiharakishia Kenya tikiti, lakini haukumpokonya Mwethiopia nafasi ambayo angeipata kwa njia hiyo nyingine. Jambo ambalo hesabu haiwezi kulijibu ni kama Sierra Leone ingeishinda Kenya kwa mara ya pili Kasarani. Hilo hubaki kuwa la baraza za mazungumzo.

Majirani zetu wa Tanzania hawakuwa na bahati hiyo. Katika mchujo wa AFCON ya 2017 Taifa Stars walikuwa kundi moja na Misri, Nigeria na Chad. Machi 23, 2016 waliifunga Chad 1-0 ugenini, wakafikisha alama nne. Siku chache baadaye, timu hizo zikikaribia kurudiana Dar es Salaam, Chad ilijitoa. Matokeo yake yakafutwa na Tanzania ikarudi kwenye alama moja. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kundi lilibaki na timu tatu, CAF iliamua kwamba ni mshindi wake pekee atakayefuzu. Katika mpangilio wa wakati huo timu za nafasi ya pili zililinganishwa kundi kwa kundi, na haikuwezekana kuilinganisha timu iliyocheza mechi nne na ile iliyocheza sita. Misri ilipita kwa alama 10, Nigeria ikabaki nje ikiwa na tano.

Fainali za mataifa 24 ziliondoa tatizo hilo la kulinganisha, kwa kuwa wawili wa kila kundi hupita moja kwa moja. Katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2026 bado lilikuwepo. Eritrea ilipojitoa na kundi lake likabaki na timu tano badala ya sita, FIFA iliamua kwamba katika kulinganisha timu za nafasi ya pili, matokeo dhidi ya timu ya mwisho ya kila kundi yasihesabiwe. Ndiyo maana Gabon, iliyomaliza ya pili kwa alama 25 katika kundi lililokuwa na Kenya, ilihesabiwa kuwa na 19 tu. Sita zake dhidi ya Ushelisheli ziliwekwa kando.

Turudi nyumbani. Novemba 11, 2021, Waziri wa Michezo wa wakati huo, Amina Mohamed, alilivunja Shirikisho la Soka Kenya (FKF) kufuatia ukaguzi wa matumizi ya fedha, akaunda kamati ya muda iliyoongozwa na jaji mstaafu Aaron Ringera. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba fedha za umma lazima zitolewe hesabu. Hoja ya FIFA ilikuwa ileile iliyotolewa Freetown: shirikisho haliondolewi na serikali. Februari 24, 2022, Kenya ikafungiwa, pamoja na Zimbabwe. Haikuwa mara ya kwanza; FIFA iliwahi kuifungia Kenya mwaka wa 2004 na tena 2006.

Aprili 19, 2022 makundi ya mchujo wa AFCON ya 2023 yalipopangwa jijini Johannesburg, jina la Kenya lilikuwemo. Iliwekwa Kundi C na Cameroon, Namibia na Burundi, kwa sharti kwamba marufuku iwe imeondolewa wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza. Haikuondolewa. Mwezi Mei CAF ikatangaza kwamba Kenya na Zimbabwe zimetolewa.

Tofauti na Sierra Leone, Kenya ilitolewa kabla ya mpira kuanza, kwa hiyo hakukuwa na matokeo ya kufuta. Kundi C lilichezwa na timu tatu, na mbili kati yake zikafuzu. Uzito wa hilo huonekana kwenye jedwali la mwisho: Cameroon saba, Namibia tano, Burundi nne. Namibia ilisafiri hadi fainali za Ivory Coast za Januari 2024 kwa ushindi mmoja na sare mbili. Sisemi Kenya ingeipita; timu ya miaka hiyo ilikuwa na mashimo yake. Lakini kundi ambalo alama tano zilitosha kufuzu si kundi ambalo taifa lolote lingependa kulitazama likiwa nje ya uzio, na mchezaji aliyekuwa kwenye kilele cha miaka yake mwaka 2022 hakurudishiwa miaka hiyo marufuku ilipoondolewa mwezi Novemba, baada ya serikali mpya kulirejesha shirikisho.

Hapa ndipo maoni hugawanyika, hata katika mabaraza ya Kajiado. Wapo wanaoshikilia kwamba afadhali kukosa fainali moja kuliko kuacha fedha zipotee. Wengine husema aliyeadhibiwa si msimamizi bali kijana anayefanya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi. Kwa maoni ya mwandishi huyu pande zote mbili zina haki, na kosa la 2021 lilikuwa la utaratibu: mahakama na vyombo vya uchunguzi vingeweza kuwashughulikia watu binafsi bila shirikisho lenyewe kuvunjwa. Hata hivyo, njia hiyo nayo si kinga kamili. Sierra Leone ilikuwa imefuata mkondo wa kesi, na bado ikafungiwa. Johansen aliachiliwa na mahakama mwaka wa 2019, wakati Kundi F lilikuwa limekwisha.

Kenya ilirejea kwenye mchujo wa AFCON ya 2025 katika Kundi J, na Cameroon, Namibia na Zimbabwe, mwenzake wa marufuku. Mara hii timu zote nne zilicheza mechi zote sita. Kwa kuwa hakukuwa na uwanja ulioidhinishwa nchini, Stars walicheza baadhi ya mechi zao za "nyumbani" Kampala. Walimaliza wa tatu kwa alama sita, tatu nyuma ya Zimbabwe waliofuzu.