Je, Wajua? Kasiba Mbili za Bunduki ya Ndege

Je, wajua ya kuwa mwindaji wa ndege nchini Uingereza, kabla hajaagiza bunduki ya marisau, hana budi kuamua kwanza iwapo kasiba zake mbili zilale ubavu kwa ubavu, kama ilivyokuwa ada katika karne ya 19, au moja ipande juu ya nyingine, kwa mtindo uliopata heshima pale Boss & Co. wa London walipoutengeneza mwaka 1909?

Ile ya ubavu kwa ubavu haihitaji kukunjuliwa sana ili kupokea risasi, nayo ni manufaa makubwa pale kware wanapokurupushwa makundi kwa makundi. Tena aghalabu ina vifyatulio viwili, cha mbele kwa kasiba ya kulia, inayotawanya marisau kwa ndege aliye karibu, na cha nyuma kwa ya kushoto, iliyobanwa mdomo ili marisau yafike mbali yangali yameshikamana.

Ya juu na chini hulipa jicho mstari mmoja mwembamba wa kulenga, na kasiba ya chini, ambayo kwa desturi hutangulia kulipuka, husukuma bega pasipo kuinua sana mdomo wa bunduki.

Kwa rai yangu, kilicho muhimu zaidi ni kitako, kwani bunduki isiyomkaa mtu begani hujeruhi ndege bila ya kumwua, na hiyo ni dhuluma. Ndiyo sababu mafundi hodari humpima mteja kwa bunduki maalumu, ambayo kitako chake hurefushwa, hufupishwa na kupindwa kwa skrubu.