Anga za Juu: Je, Gharama na Hatari Zake Zina Faida kwa Mkazi wa Kilifi?

Mwanzoni mwa Mei 2024, wavuvi wa pwani yetu walionywa wasiingie baharini. Kimbunga kilichopewa jina Hidaya kilikuwa kikielekea pwani ya Tanzania, na upepo mkali pamoja na mawimbi makubwa yalitarajiwa kufika hadi huku kwetu. Hakuna aliyekuwa amekiona kimbunga hicho akiwa amesimama ufuoni. Kilionekana kutoka juu, na setilaiti zinazoitazama Bahari ya Hindi usiku na mchana kutoka umbali wa kilomita 36,000 hivi.

Wengi wetu tunapata onyo kama hilo kwa redio au simu bila kufikiria limetoka wapi. Wakati huohuo, tukisikia kwamba serikali imetumia mamilioni kurusha setilaiti, tunauliza: kwa nini pesa ziende angani ilhali kuna vijiji visivyo na maji? Hilo ni swali la haki. Makala haya yanaeleza gharama, faida na hatari za shughuli hizi, ili kila mkazi aweze kupima mwenyewe.

Historia iliyo mlangoni petu

Kaunti yetu si mgeni katika jambo hili. Katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, Kaunti Ndogo ya Magarini, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini na Waitaliano miaka ya 1960. Kati ya 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo.

Eneo hili lilichaguliwa kwa sababu liko karibu na ikweta. Dunia inapojizungusha, sehemu za ikweta husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapa husukumwa na mwendo huo, hivyo hutumia mafuta kidogo zaidi. Tena, mbele yake kuna bahari tupu, na vipande vinavyoanguka haviangukii makazi ya watu.

Setilaiti inayojulikana zaidi ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kazi yake ilisaidia wanasayansi kutambua kile kinachoitwa shimo jeusi, na mwaka wa 2002 kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel.

Tuseme ukweli: ugunduzi huo haukuongeza gunia la mahindi katika ghala la mtu yeyote Ganze au Kaloleni. Ulikuwa ni elimu. Ndiyo maana tunapozungumzia gharama, ni vyema tutenganishe mambo mawili: safari za kutafuta maarifa mbali na dunia, na setilaiti zinazoitazama dunia yenyewe.

Gharama ni kiasi gani?

Safari za kutafuta maarifa, hasa zinazobeba watu, ni ghali mno. Mpango wa Apollo, uliowafikisha Wamarekani 12 mwezini kati ya 1969 na 1972, uligharimu takriban dola bilioni 25 za wakati huo. Mwaka wa 1966, shirika la anga la Marekani lilikuwa likitumia zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali yao. Hakuna anayependekeza Kenya ifuate njia hiyo.

Upande wa pili kuna Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kuitazama dunia, iliyorushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023. Iligharimu takriban shilingi milioni 50. Ukizigawanya kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, kila mmoja wetu alichangia kama shilingi moja. Setilaiti hiyo ni ndogo na haiwezi kufanya kila kitu, lakini bei yake inaonyesha kwamba kazi ya angani si lazima iwe ya mabilioni.

Faida tunayoipata

Faida ya kwanza ni hali ya hewa. Baharini hakuna vituo vya kutosha vya kupima mvua na upepo, kwa hiyo bila setilaiti Idara ya Hali ya Hewa ingekuwa kama nahodha anayesafiri usiku bila nyota.

Ya pili ni ukame. Kilifi ni miongoni mwa kaunti 23 kame na nusu kame nchini. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho, na matokeo huingia katika taarifa zake za kila mwezi. Malisho yanapoanza kukauka, hujulikana kabla mifugo haijaanza kufa. Kule Marsabit, tangu 2010 kumekuwa na bima ya mifugo inayotumia kipimo hichohicho: malisho yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji aliyekata bima hulipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga.

Lakini onyo pekee halijazi tangi. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mvua ilikosa kunyesha vya kutosha kwa misimu mitano mfululizo, na taarifa za mapema zilikuwepo. Setilaiti husaidia pale tu panapokuwa na bajeti, maji na magari ya kufikisha msaada. Pesa za angani na pesa za visima, basi, hazipaswi kuwa wapinzani, kwani kila moja inahitaji nyingine.

Hatari, na wanaoibeba

Wanaosafiri angani hujua hatari yake. Vyombo vya Marekani vya aina ya shatoli viliruka mara 135. Viwili viliharibika safarini, Challenger mwaka wa 1986 na Columbia mwaka wa 2003, na watu 14 wakafariki. Hao walikuwa wamejitolea.

Wakazi wa kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, hawakujitolea kwa lolote. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kijijini mwao kutoka angani. Uchunguzi wa awali wa Shirika la Anga la Kenya ulionyesha kuwa ni sehemu ya roketi. Kwa bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Sheria ipo kuhusu jambo hili. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema kwamba nchi iliyorusha chombo inawajibika kulipa hasara inayotokea ardhini, hata kama haikuwa na uzembe. Mwaka wa 1978 setilaiti ya Kisovieti yenye nishati ya nyuklia ilianguka Kanada, na baadaye Umoja wa Kisovieti ukailipa Kanada dola milioni 3 za nchi hiyo. Lakini fidia hudaiwa na serikali dhidi ya serikali, kwa hiyo mwananchi anahitaji tukio lirekodiwe vizuri tangu mwanzo.

Ngomeni ipate nini?

Kituo cha Ngomeni bado kinafanya kazi ya kuwasiliana na setilaiti, ikiwemo Swift iliyorushwa 2004. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia, uliotiwa saini mjini Trento mwaka wa 2016, unagusa mafunzo kwa Wakenya, matumizi ya data na huduma za matibabu kwa njia ya mtandao. Kipimo cha mkazi ni rahisi: ni vijana wangapi wa hapa wamefunzwa, na ni data gani inamfikia mvuvi na mkulima?

Iwapo mradi wowote wa kurusha roketi utapendekezwa tena katika pwani yetu, sheria inataka athari zake kwa mazingira zitathminiwe na wananchi wasikizwe kwanza. Maswali ya kuuliza ni haya: maeneo ya uvuvi yatafungwa kwa siku ngapi, nani atalipwa, na vipande vitaangukia wapi?

Mambo ya kufanya

• Fuatilia utabiri wa kaunti unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kupanda au kwenda baharini. Viongozi wa BMU na maafisa wa kilimo wa wadi wanaweza kukusaidia kuuelewa.

• Ukiona kitu kisichojulikana kimeanguka kutoka angani, usikiguse wala kukiuza kama chuma chakavu. Huenda kina kemikali za sumu. Waweke watoto mbali, mjulishe chifu au polisi kwa 999 au 112, na upige picha ukiwa mbali.

• Hudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma. Katiba imekupa haki hiyo, na shilingi yako moja imo angani.